Fainali Tuliyofungwa Nikashukuru

Wanangu mnaofundisha mpira wa pete, shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba. Mmeniomba niwaambie mambo ya kazi, lakini mimi si mtoto, najua mnachokitaka. Kila anayenitembelea hapa Ntalikwa huanza kwa kusifu mahindi yangu, akahamia kwenye mizinga ya nyuki, akazunguka wee, mwisho anashusha sauti ya msibani: "Mzee, hivi ile fainali ilikuwaje?" Pole zenu nazishukuru, ila mnampa pole mtu asiyefiwa. Tulifungwa kwa bao moja, kombe likabaki mjini, na mimi nilirudi nyumbani nimefurahi. Mke wangu alidhani tumeshinda. Alishaanza vigelegele, ikabidi nimtulize.

Nitawasimulia, lakini siwezi kuanzia hapo, maana hamtaelewa kitu. Niwaanzie kwenye ringi la baiskeli.

Nilipopewa mchezo huu nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Nilipewa kwa sababu walimu wenzangu wanaume waliukimbia, wakisema ni wa kike. Shule haikuwa na magoli. Nikamwendea fundi baiskeli, akanipa ringi mbili kuukuu, nikazipigilia juu ya nguzo za mninga. Jamani, tulifunga! Hata msichana asiyejua kurusha jiwe alifunga. Nikawa natembea kifua mbele sokoni. Siku tulipokwenda kucheza Kipalapala, mpira ukakataa kuingia. Unagonga chuma, unarudi. Unagonga, unarudi. Nahodha wangu akanijia mbio, macho yamemtoka: "Mwalimu, pete yao imesinyaa!" Kumbe ringi la baiskeli na pete halali ni mama na mtoto mchanga. Idadi ya mabao tuliyofungwa sitaitaja, kwa kuwa wale wachezaji sasa ni bibi za watu na wana heshima zao.

Kocha wa timu ile ya Kipalapala alikuwa Mwalimu Anastazia, mama mmoja mnene, mcheshi, asiyependa upuuzi. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akainuka, akakata kamba kwa kipimo cha pete yao, akanipa. Nikaipeleka kwa Mzee Salumu, mhunzi wa mjini, akanipindia nondo, na hadi leo pete zile zipo. Lakini si kamba tu aliyonipa yule mama. Tulipokuwa tunakunywa uji baada ya mechi aliniambia, "Wewe unafundisha kama vile huu ni mpira wa miguu. Unamtazama mwenye mpira. Katika mchezo wetu mwenye mpira haruhusiwi kutembea nao, kwa hiyo huyo hana miguu. Miguu ni ya wenzake. Watazame hao."

Nilirudi nyumbani nikiwa na uji tumboni na aibu usoni, na kuanzia hapo nilifundisha namna nyingine. Nikabuni zoezi moja ambalo nawasihi mlichukue. Mchezaji akidaka mpira, anafumba macho palepale. Wenzake wanakimbia bila kumwita jina, wala kupiga makofi. Yeye asikilize nyayo tu, kisha arushe. Wiki za kwanza mipira itaingia shambani kwa watu, na mtagombana na majirani. Mimi niligombana na mama mmoja wa karanga hadi tukapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa. Lakini baada ya miezi michache mchezaji anajua kwamba huyu anakanyaga kwa kisigino, yule anaburuza mguu wa kushoto, na yule wa tatu leo amechoka. Ninyi mna koni za plastiki na video kwenye simu, na sisemi ni vibaya, mjukuu wangu amenionyesha na nimezipenda. Ila video haikwambii nani amechoka.

Sasa nije kwa Yunis, maana bila yeye hakuna simulizi.

Miaka mingi baadaye nilipokuwa nafundisha timu ya wanawake, Yunis alikuwa mlinda goli wangu, mrefu, mikono mirefu, na mdomo mrefu kuliko vyote. Baba yake Mgogo aliletwa Tabora na kazi ya reli, akazaa na kuzeekea hapa. Mimi Mnyamwezi. Mnajua wenyewe mambo ya Wagogo na Wanyamwezi: watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita Ugogo na pembe na mizigo kwenda pwani, wakilala kwao na kunywa maji ya visima vyao. Yunis alikuwa akinidai maji hayo. Kila nikifungua chupa mazoezini ananyoosha mkono: "Lete, babu. Mlikunywa yetu mkaondoka bila hata kuaga." Mtani hana mpaka. Nilipougua malaria nikalazwa, alikuja na jembe begani, akawauliza wauguzi wanichimbie upande gani wa mti. Wagonjwa wodi nzima walipata nafuu siku hiyo.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Asubuhi ya nusu fainali alinijia mbio, anahema, jasho linamtoka. "Babu, Mwashi kaolewa! Wamemchukua alfajiri, wamekwenda naye Sikonge. Haji!" Mwashi alikuwa winga wangu, tegemeo. Nikamwambia Yunis aache utani. Akajipiga kifua: "Babu, leo sitanii." Basi nikapanda baiskeli, nikazunguka mtaa kwa mtaa kutafuta winga. Nimerudi nimetota jasho, namkuta Mwashi amekaa nyuma ya gari anakula muwa. Timu nzima ilikuwa chini kwa kicheko. Nilicheka na mimi, ningefanyaje? Ndiyo sheria ya utani. Lakini moyoni nilijiapia kwamba siku ya mechi sitaamini neno lolote litokalo kinywani mwa Mgogo yule.

Fainali ilichezwa mjini, na wapinzani wetu walikuwa timu ya hukohuko mjini. Tulikuwa saba kamili, bila akiba, maana mmoja alikwenda msibani kwa mjomba wake na mwingine aliteguka kidole. Haikunitia hofu, kwa sababu nilikuwa na Tausi. Tausi alicheza senta, yaani pale katikati panapohitaji mapafu kuliko mahali pengine pote. Alikuwa binti wa mjini, mke wa fundi cherehani, na mumewe ndiye aliyemshonea suruali ndefu na hijabu nyepesi ya kuchezea. Akiingia uwanjani amejifunga vizuri, wapinzani wanacheka. Baada ya dakika mbili hawacheki tena. Wiki ile hata redio ya hapa ilimsifu.

Nawaambia sasa jambo ambalo siku ile sikulijua. Tausi alikuwa mjamzito. Mara mbili kabla ya hapo alishika mimba, watu wakafurahi mapema, na zote mbili zikaharibika. Safari hii akaapa kutomwambia mtu isipokuwa mume. Kliniki walimshauri apumzike. Akajiambia ni fainali tu, imebaki hii moja, nikiikosa watu watauliza kwa nini, na wakiuliza watajua. Alikuwa anaogopa midomo ya watu kuliko alivyoogopa kukimbia, na mawifi zake walikuwa wamejaa pale pembeni ya uwanja na kanga zao mpya.

Hadi mapumziko tulikuwa mbele kwa mabao manne. Nilikuwa natembea huku na huku, nimeshaanza kutunga hotuba ya kupokea kombe. Nikaona Tausi amekaa chini, amekataa maji, mkono mmoja uko chini ya tumbo. Mwashi akamwinamia. Wakanong'ona, kisha wote sita wakamzunguka. Nikadhani wanaombeana dua.

Mambo ya tumbo la mwanamke hayasemwi mbele ya mzee wa kiume kama mimi. Mwashi alinilelea wajukuu, ananiita baba, angeona afadhali ameze filimbi kuliko kunitamkia hayo. Kwa hiyo walifanya jambo la akili kabisa, lililoachwa na wazee wetu kwa ajili ya nyakati kama hizo. Walimtuma mtani.

"Babu."

"Nini tena, Mgogo?"

"Tausi ana mimba, na tumbo linamvuta. Mtoe, tucheze sita."

"Na wewe una mapacha. Rudi golini."

"Babu, leo sitanii."

"Hata siku ya Mwashi hukutania."

Alinitazama kidogo. Nikamtolea ulimi, mzee mzima. Akageuka akarudi kwa wenzake, nikamwona anatikisa kichwa. Mwashi alisema kitu kifupi, wengine wakaitikia. Nilikuja kuambiwa baadaye alichosema: "Basi tumchezee sisi." Na walimbembeleza Tausi atoke mwenyewe, akakataa, kwa sababu ya mawifi.

Robo ya tatu ilipoanza nikaona kituko. Senta ndiye anayeanzisha mpira katikati, na Tausi akauanzisha vizuri tu. Lakini mpira ukishatoka mikononi mwake haukurudi tena. Ulipita kushoto, ukapita kulia, ukarushwa juu ya kichwa chake, na yeye amebaki katikati ya uwanja anatembea taratibu. Nikapaza sauti: "Mpeni Tausi!" Hakuna aliyesikia. "Rehema! Tausi yuko peke yake!" Rehema, winga wa nyuma, msichana mtiifu ambaye hajawahi kunibishia tangu nimjue, alinipa mgongo.

Damu ilinichemka. Nikakumbuka redio ilivyomsifu Tausi, nikasema moyoni, haya ndiyo majibu yake, wivu. Miaka yote hii nimewafundisha ushirikiano, na leo mbele ya mkoa mzima wanamtenga mwenzao. Wenzetu wa mjini walikuwa wanarudisha bao moja moja. Mimi niko pembeni natukana kwa Kinyamwezi ili mwamuzi asielewe. Bahati mbaya mwamuzi alikuwa Mnyamwezi, akanionya.

Mwisho wa mchezo tukawa nyuma kwa bao moja, na mpira ukawa kwa Mwashi, karibu kabisa na nusu duara ya kufungia. Zilibaki sekunde. Wafungaji wetu wote wamebanwa. Tausi yuko wazi mbele yake, na damu ya mchezo imempanda, ameinua mikono juu anaita: "Mwashi! Mwashi!" Pasi moja tu, yeye angewashushia wafungaji ndani, bao. Lakini mlinzi wa mjini, mwanamke mmoja mwenye mwili kweli, alikuwa ameshaanza kuja kwa kasi kwenye nafasi ileile. Ili kuudaka mpira Tausi angeruka, na yule angemgonga hukohuko hewani.

Mwashi alimtazama Tausi. Akamtazama yule mlinzi. Akaubana mpira kifuani.

Sekunde tatu anazoruhusiwa mtu kukaa na mpira zikapita, filimbi ikalia, mpira wakapewa mjini, na mchezo ukaisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo tunavyosemaga, na mimi siku ile sikuwa mshindani hata kidogo. Nilitupa kofia chini, nikaingia uwanjani nikiwa nimemlenga Mwashi. "Umeuza mechi!" nikamwambia. "Alikuwa wazi! Kwa nini hukumpa?"

Mwashi alikuwa analia. Akapiga goti kidogo, kwa adabu yake ileile. "Baba," akasema, "ungetaka nimrushie?"

Nikageuka kumtafuta Yunis ili anifafanulie. Yunis alikuwa amekaa chini karibu na Tausi, aliyejikunja ameshika tumbo, amemwegemeza begani, na machozi yanamtiririka. Sijawahi kumwona Mgogo yule akilia, wala sikuwahi kudhani anaweza. Nikaelewa yote kwa mara moja, na ile fainali ikatoka kichwani kana kwamba haijawahi kuchezwa.

Kocha wa mjini, kijana mstaarabu, alikuwa anakuja kunipa mkono. Alipoona hali ile hakuuliza swali. Akaacha kombe kwa watu wake, akaleta gari lao, tukampakia Tausi mbele na sisi wengine nyuma. Mawifi wakafuata kwa bajaji, na yale maneno ambayo Tausi aliogopa watayasema hawakuyasema. Walikuwa wanamwomba Mungu tu.

Tukakaa kwenye baraza ya hospitali. Najua mnataka nikimbilie habari ya mtoto. Subirini. Na mimi nilisubiri.

Wakati nasubiri niliicheza mechi upya kichwani, kuanzia robo ya tatu, lakini sasa najua. Nikamwona Rehema akikimbia eneo lake na la Tausi pamoja, kila mara akijiweka kati ya Tausi na senta wa mjini ili Tausi asigongwe. Nikamwona Yunis akirusha mipira mirefu kutoka golini hadi pembeni mwa eneo la kati, mipira ya hatari ambayo nilimkataza miaka yote, kwa sababu ile mifupi ingempitia Tausi. Wote sita walicheza mchezo mmoja bila kuitana, bila ishara, na kocha wao yuko pembeni anawapigia kelele wafanye kinyume. Na walikaribia kushinda! Mngewaona. Nimefundisha timu zilizobeba makombe, na hakuna hata moja iliyowahi kucheza vile. Niliona fahari na nikaogopa kwa pamoja.

Basi nanyi mkiwa mnasubiri, chukueni haya machache. Timu ya wanawake iwe na mwanamke kwenye benchi, mtu mzima, anayeweza kuambiwa lolote. Mimi sikuwa naye, nikijiona natosha. Kabla ya mechi msiulize "Mko tayari?" Kila mtu atajibu yuko tayari, hata mwenye homa. Muulizeni mmoja mmoja, pembeni, mwili wake unamwambia nini leo, na mnyamaze hadi ajibu. Na kama mna mtani kwenye timu, kaeni naye siku ya amani mkubaliane jambo lisilotaniwa. Mimi na Yunis tumekubaliana kwamba mambo ya afya hayamo. Mengine yote yamo, na wiki iliyopita alimwambia mchungaji wetu wa Moravian kwamba nimesilimu ili nioe mke wa pili.

Haya, turudi barazani. Walikuwa wamekaa kwenye benchi moja refu, wote sita, bado wamevaa vifulana vyenye herufi za nafasi zao, magoti yana vumbi. Mumewe Tausi alifika mbio, kipimo cha cherehani kikining'inia shingoni, akaniamkia. Nikamkalisha karibu yangu. Nilimshika mkono tu, na yeye akaushika wangu.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka muuguzi, mama wa makamo, anafuta mikono. "Ndugu wa Tausi ni nani?"

Wakasimama wote sita kwa pamoja. Mumewe alichelewa.

Muuguzi akawatazama, toka huyu hadi yule. "Nyote?"

"Sote," akasema Mwashi.

"Haya. Damu imesimama. Tumesikiliza mapigo ya mtoto, yapo, tena yana nguvu. Atalala hapa siku chache, na akitoka nisisikie habari ya mpira hadi ajifungue. Angeanguka leo au angegongwa, ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Rehema alikaa chini sakafuni. Mawifi wakapiga vigelegele hadi muuguzi akawafukuza barazani. Yule fundi cherehani alifunika uso kwa mikono yote miwili, na Yunis akamkumbatia Mwashi wakawa wanayumba pamoja, wanalia na kucheka. Mimi nilivuta pumzi mpaka chini kabisa. Sijawahi kupumua vile, hata siku nilipostaafu.

Muuguzi alikuwa anarudi ndani, akakumbuka vile vifulana vyao, akanigeukia. "Na nyie mlikuwa mnacheza fainali leo, eti? Imekuwaje?"

"Tumefungwa," nikamwambia. "Bao moja."

Akanishangaa, maana nilikuwa nacheka mdomo wazi, na sikuweza kuacha.